Pale Aliposimama Baba Yako

Aika mwanangu,

Habari za sweta, pasi ya kusafiria na yule dada atakayekupokea Nairobi tumeshazimaliza mezani, nawe umelala. Sitazirudia. Nakuandikia kwa sababu jana, tulipokuwa tunashuka kutoka Uru kuaga, uliniuliza swali nikakujibu kwa neno moja, na neno lile lilikuwa uongo.

Ulisema mwalimu wako mpya wa muziki ameusikiliza wimbo wa baba yako kwenye simu na ameupenda. Ila ule ukimya wa katikati, pale mikono inapoondoka kwenye piano na chumba kizima kikabaki kitupu, anauona mrefu mno. Anasema wasikilizaji watadhani umesahau. Ukaniuliza kama unaweza kuufupisha, nikasema, "Sawa."

Ukaendelea kumenya ndizi yako, umeridhika. Hukushangaa kwamba mama yako, ambaye hajawahi kumwambia mtu sawa bila kwanza kugombana naye, alikubali haraka hivyo. Mimi nilishangaa. Nilitazama migomba inavyopita nje ya dirisha la gari, na tulipofika nyumbani Njoro nilikuwa bado naliona lile neno limekaa kati yetu kwenye kiti.

Unajua kazi yangu. Nimeandika safu gazetini tangu hujazaliwa. Nimegombana na wakubwa wa ushirika wa kahawa, na mapadri, na madiwani waliojenga juu ya mifereji ya babu zetu, na wataalamu waliokuja kutufundisha kulima mlima ambao tumeulima kabla nchi zao hazijapata majina. Watu wa Moshi wakiniona sokoni hunisalimia kwa tahadhari, kama mtu anavyompita mbwa asiyemjua. Katika ugomvi wote huo sijawahi kuandika makala hata moja juu ya kosa langu mwenyewe. Hii ndiyo ya kwanza, na ina msomaji mmoja.

Nakuomba usinihurumie mapema. Mtu wa maneno akikiri kosa hulipamba. Ukiona nimelipamba, toboa uone kilicho chini.

Hadithi ya wimbo huo unaisimulia vizuri kuliko mimi. Nimekusikia ukiisimulia harusini, msibani, na ile siku kwenye redio hapa mjini, mimi nikiwa kiti cha pili. Unasema baba na mama yako walikosana. Unasema baba alitunga wimbo ule kwa uchungu, na haukuwa na maneno. Kisha akaugua, na mama akamletea jani la sale hospitalini kumwomba radhi, naye, akiwa hawezi tena kusema, akalipokea, akalishika mpaka mwisho. Wewe ulipokua ukautungia maneno na kuupa jina, "Jani Mkononi". Unapofika kwenye mstari wako ule, "vidole vitano vikafumba, hasira ikaisha," wanawake hutoa leso, nami huinamisha kichwa. Watu wanadhani nalia. Nashindwa kuwatazama usoni, mwanangu, basi.

Nianze mwanzo.

Baba yako alijifunza piano seminarini. Padri mmoja mzee alimfundisha nyimbo za misa, naye akajifunza mwenyewe kwa siri nyimbo zisizo za misa, na nadhani hapo ndipo upadri ulipoanza kumtoka. Alipoacha seminari, ukoo ulimlilia kama maiti. Mimi nilimpenda kwa sababu hiyo hiyo. Nilidhani naolewa na muasi. Kumbe Damian alikuwa mtu mpole aliyetaka tu kupiga piano, na katika mji huu kazi ya piano ilikuwa moja: hoteli ya watalii kule Shantytown, jioni, wageni walioshuka mlimani wakila, midomo imebabuka kwa baridi.

Mwanzoni nilikuwa nakwenda kumsikiliza. Nilikaa pembeni na soda yangu. Jioni moja alipiga kitu kizuri mpaka nywele za mikono zikanisimama, na hakuna mgeni hata mmoja aliyeinua uso kutoka kwenye sahani. Mtu mwenye akili za kawaida angewakasirikia walaji. Mimi nilimkasirikia mpigaji.

Nikaandika. Niliandika kwamba tuna tabaka la Waafrika ambao kazi yao ni kuifanya sauti ya mgeni anayetafuna isikike kama ustaarabu. Mlima wamepanda wao, meza wamekalia wao, na sisi tunawapigia muziki wa kulainishia nyama. Zilikuwa sentensi nzuri. Bado ni nzuri, na hilo ndilo linalonichoma. Sikutaja jina la mtu. Lakini mpiga piano wa hoteli Moshi nzima alikuwa mmoja, na kesho yake vijana wa stendi walimpa jina: Kitafunio. "Kitafunio, leo wanashushia na nini?" Jina likamfuata mpaka huku Njoro, mpaka dukani kwa Mangi pale kona, ambako alikuwa akikununulia pipi.

Hakupiga kelele. Nilijitetea kabla hajanishtaki, nikamwambia naandika juu ya mfumo, siandiki juu ya mtu. Akasema, "Mfumo hauitwi Kitafunio."

Kisha akaniuliza kama nimemaliza na lile gazeti. Nikasema ndiyo. Akafungua piano, hii hii unayoiacha kesho, akalitandika chini ya ile taa ndogo aliyokuwa anaiwasha humo ndani wakati wa masika ili unyevu usivimbishe mbao. Akafunga. Nilicheka. Nilidhani ni utani, maana ndiyo ilikuwa njia yake ya kutania. Sikumwomba radhi. Kwa nini niombe radhi kwa kusema kweli? Hivyo ndivyo nilivyojiuliza, na sikusubiri jibu.

Desemba tukapanda Uru kama kila mwaka. Nyumba imejaa, walioko Dar wamerudi, magari yamepangwa mpaka kwenye migomba. Mimi nilikaa mbali kidogo na wenzangu waliokuwa wanamenya ndizi za mtori, nasoma. Baba yako mkubwa Aloyce alikuwa na kata ya mbege mkononi, akamtania mdogo wake mbele ya ukoo mzima: mbona mkeo kakaa kule kama mgeni rasmi, huyu tulimtolea mbuzi kweli au tulimkodi? Damian akasema, "Mke wangu hana mume. Ana wasomaji."

Walicheka mpaka mbege ikamwagika. Wanawake wa ndizi walicheka. Mimi mwenyewe nilikaribia kucheka, kwa kuwa ilikuwa sentensi nzuri kuliko zote nilizowahi kumsikia akisema, na kwa kuwa ilikuwa kweli. Badala yake nikakubeba, nikashuka mjini siku ile ile, siku moja kabla ya Noeli. Ulilia njia nzima kwa ajili ya binamu zako. Nilikwambia baba amekosa adabu.

Pima mwenyewe hapo, Aika. Yeye alisema sentensi moja, siku moja, mbele ya ukoo akiwa amekunywa. Mimi niliandika ukurasa, nikiwa sijanywa chochote, nikauchapisha. Ni nani aliyepaswa kumtafuta mwenzake?

Alinitafuta yeye.

Sale unalijua, limezunguka kihamba chote, shamba letu la ukoo, na makaburi yetu yote. Lakini huko uendako watakuuliza, na wewe hujawahi kuliona likifanya kazi yake. Mtu aliyekosa hukata jani moja, hulifunga fundo, hulipeleka kwa aliyemkosea. Hasemi mengi. Husimama nalo. Aliyekosewa akilipokea, ugomvi umekwisha, haruhusiwi kuufufua hata moyoni. Na kulikataa, wazee wanasema, hakuna. Hakuna anayelikataa, hata aliyeuliwa ndugu. Ndiyo maana jani lile jepesi ni zito vile.

Alilikata kaburini kwa babu yako. Alikuja nalo asubuhi, mwanzoni mwa Januari, na vumbi la Uru bado liko kwenye viatu. Mlango ulikuwa wazi. Nilikuwa mezani naandika, nikamwona, nikaliona jani, nikaelewa kila kitu. Na nikaona nafasi. Sijui niiteje vingine. Moyo wangu ulisogea kwake, kweli ulisogea, lakini akili ilifika kwanza, na akili ilikuwa na hoja.

Hoja yenyewe ilikuwa hii. Nimewaona wanawake wa mlima huu wamevimba macho, na wazee wa mume wamewasimamia na jani, na jani halikataliwi, basi mwanamke analipokea kwa mkono ambao jana ulikuwa unakinga ngumi. Mwezi unaofuata, ngumi tena, jani tena. Hoja hiyo ni ya kweli. Nitaitetea mpaka nizikwe. Lakini Damian hakuwahi kuniinulia hata sauti.

Nilimwambia, "Sheria ya nchi haitambui majani."

Nikarudi kuandika. Nilisikia kalamu yangu. Sikuinua uso, kama wale walaji wa hotelini. Alisimama. Hakugonga, hakukohoa, hakuongeza neno. Chai yangu ilipoa pale mezani na yeye bado amesimama, jani kwenye mkono wa kulia, wa kushoto umeushikilia ule wa kulia kwa heshima, kama mtu anayempa mkwe kitu. Wewe ulikuja kutoka uani, ukamshika suruali, ukamwuliza baba unangoja nini. Akakupapasa kichwa. Halafu akalikunja jani taratibu, akalitia mfuko wa shati, akaenda kunawa.

Yale niliyokuwa nayaandika siyakumbuki. Niliyoyaandika wiki iliyofuata nayakumbuka yote, maana yaliniletea sifa kuliko makala yoyote kabla yake. Niliandika juu ya sale. Nikaanza na mwanamume mmoja aliyesimama mlangoni kwa mwanamke mmoja akidhani jani linatosha. Wanawake waliniandikia kutoka Rombo, kutoka Machame, wengine wakilia. Nimewasaidia baadhi yao, na sijutii. Najutia kwamba niliwajengea nyumba nzuri kwa mawe niliyomponda nayo mtu mwingine.

Aloyce alikuja mpaka hapa sebuleni. Hakukaa. Aliniambia kwa sauti ya chini, "Sale halikataliwi, mama Aika." Nikamjibu kwamba limekwisha kukataliwa na mlima haujaanguka. Aliondoka bila kunywa maji.

Wimbo ulizaliwa baada ya hapo. Aliutunga hotelini, mbele ya wale wale wasioinua uso, kidogo kidogo, mvua za masika zote. Mara ya kwanza kuupiga hapa nyumbani wewe ulikuwa umelala chini ya piano na mto wako, mahali pako. Mimi nilikuwa jikoni. Nilisikiliza. Nilijua ni mzuri, na nilijua ni kwa ajili ya nani. Mkono wa kushoto unapanda polepole, kama mtu anayepanda kilima na mzigo. Wa kulia unasema jambo fupi, unalirudia, unalirudia tena kwa upole zaidi. Halafu mikono yote miwili inaondoka. Kimya. Kimya mpaka nikatoka jikoni na mwiko mkononi nikidhani amepatwa na kitu.

Alikuwa amekaa wima, mikono magotini, anatazama mlango.

Nilimwuliza mbona anaacha katikati. Akasema, "Hapo ndipo niliposimama."

Aika, Mungu alinipa nafasi ya pili, na mlango wenyewe ulikuwa wazi vile vile. Ningeweka tu mwiko chini. Nikamwambia, "Basi ungeketi."

Hata leo nikiwa peke yangu jikoni nasikia sauti yangu ikisema hivyo, na ule wepesi wake. Nilirudi kwenye chungu changu. Akaumalizia wimbo, na mwisho wake unaujua, haufungi, unabaki na mguu mmoja hewani. Mwalimu wako anasema hilo ni jambo la kisasa. Mwambie si la kisasa.

Kuanzia hapo tuliishi kama wapangaji wawili waliogawiwa mtoto mmoja. Unakumbuka mchezo wa posta? Ulikuwa unaukumbuka kwa furaha mpaka juzi ulipomsimulia rafiki yako. Mwambie baba chakula kipo. Mwambie mama nimeshakula. Ulikuwa unakimbia na ujumbe kutoka chumba hadi chumba, unapiga saluti, unadai stempu ya busu. Haukuwa mchezo. Tulikutumia wewe kwa sababu mimi nilikuwa nangoja aje tena, na yeye alikwisha kuja.

Kahawa ilichanua, ikaiva, ikavunwa. Kisha siku moja hoteli wakanipigia simu. Alikuwa ameanguka juu ya piano, na mgeni mmoja, waliniambia, alidhani ni sehemu ya muziki.

Kiharusi kilichukua upande wa kulia na ulimi. Macho yalibaki. Nilikaa naye wodini siku zile na sikuwa na hoja yoyote. Nilizungumza, unanijua, nilizungumza juu yako, juu ya mvua, juu ya jirani na kuku zake. Neno lenyewe halikutoka. Mtu aliyeandika maneno maisha yake yote alishindwa na neno ambalo watoto wanalijua. Ndipo nikalikumbuka jani. Mimi, niliyeandika vile. Nilipanda Uru peke yangu, nikakata sale pale pale alipokata yeye, nikalifunga fundo vibaya kwa kuwa sikuwahi kujifunza, nikashuka nalo nimelificha ndani ya kanga kwa kuogopa kuonwa na msomaji.

Nililileta mbele ya macho yake. Alilitazama. Alinitazama. Sijui macho yale yalisema nini, na nimekuwa na miaka ya kuyatafsiri. Nilisimama, kama inavyotakiwa. Lakini mimi sikuwa na subira yake. Nesi alikuwa anakuja, nje niliisikia sauti ya Aloyce ikiuliza kitanda, na jani lilikuwa bado mkononi mwangu. Nikaliweka kwenye kiganja chake cha kulia, kile kilichokufa. Nikavikunja vidole vyake juu yake, kimoja kimoja, kwa mikono yangu mwenyewe. Kidole gumba kilifunguka, nikakirudisha.

Aloyce akaingia, akaona ngumi, akaona ncha ya jani. Akaniuliza, "Amelipokea?"

Nikasema, "Amelipokea."

Mkono wa kushoto ulikuwa mzima, Aika. Ulikuwa juu ya blanketi wazi kabisa. Haukuja.

Alifariki alfajiri iliyofuata. Ukoo ulinikumbatia. Aloyce, ambaye hakuwa amekanyaga kwangu tangu siku ile, alilia begani kwangu na kusema mdogo wake ameondoka mwepesi. Walimzika na lile jani. Na wewe uliponiuliza kama baba alikuwa amemkasirikia mama, nilikwambia hapana, alilishika jani langu. Ulikuwa mdogo, ulihitaji kitu cha kulalia. Hivyo ndivyo nilivyojiambia. Ila mtoto hukua, na sikuwahi kurudi kukuondolea. Ulitunga maneno juu ya uongo ule, ukaupa jina la uongo ule, na kila ulipoimba, mimi nilisamehewa upya mbele ya watu na mtu ambaye hakunisamehe, kwa kinywa cha mtoto wake. Nilinyamaza kwenye kiti cha pili. Nilipenda kusikia. Hiyo ndiyo aibu iliyo chini ya aibu nyingine zote, na ukitoboa utaikuta hapo: nilipenda kusikia.

Hata jana kule kaburini, Aloyce alipokupa mbege ya kuagia na kukwambia ubebe hadithi ya baba yako mbele za watu, mimi niliitikia amina.

Huenda alinisamehe. Kuna siku nayakumbuka yale macho nikayaona laini. Kuna siku nayaona yamechoka tu. Sitakuchagulia. Nimemchagulia mmoja inatosha.

Sikwambii uache kubishana. Una ulimi wangu, niliusikia juzi ukimnyoosha yule kondakta wa basi, nikajivuna na nikaogopa kwa pamoja. Dunia ina watu wa kugombana nao na huko utawakuta. Ila nilivyojiona mimi ni kwamba sikumwumiza mtu nilipokuwa nimekosea, kwa kuwa nilipokosea nilikuwa na wasiwasi, nikaenda polepole. Nilimwumiza baba yako siku niliyokuwa sahihi. Nilikuwa na haki yote mezani, na aliyesimama mlangoni nikamwona kama mfano.

Sasa kuhusu swali lako. Jibu la kweli ni hapana. Usiufupishe. Mwalimu wako anajua muziki kuliko mimi na kuliko baba yako, lakini hakuwa mlangoni. Wewe ulikuwepo, ulishika suruali. Ule ukimya ndio wimbo, kinachobaki ni njia ya kuufikia na njia ya kuondoka. Ukifika pale, toa mikono, iweke magotini, usihesabu. Acha wakohoe. Acha wadhani umesahau.

Maneno ni yako na jina ni lako, uyaache au uyabadilishe. Watakapokuuliza hadithi ya wimbo, unaweza kusimulia ile ya zamani, na sitalalamika. Unaweza kusimulia hii, na jina langu ulitaje, mimi nilitaja watu bila kuwaomba. Asubuhi kabla ya kwenda stendi nitampigia simu Aloyce, nimwambie naomba kupanda Jumapili. Sitamwandikia. Nitamwambia uso kwa uso kwamba niliposema amelipokea nilidanganya. Atakavyofanya ni juu yake.

Barua hii naiweka mfuko wa pembeni wa begi, nitakwambia uisome ukishavuka Holili. Nimepanga hivyo kwa woga, nikiri na hilo. Nataka mpaka uwe kati yetu utakapofika kwenye vile vidole.

Jana pale kaburini, ulipokuwa unaagana na binamu zako, nilikata jani. Safari hii Aloyce alinifundisha fundo, hakuniuliza ni la nani. Halimo ndani ya begi. Ningelitia humo, ungelikuta mkononi kabla hujaamua, na desturi ingekubana, nami ningekuwa nimekunja vidole vya mtu wa pili. Liko juu ya piano, ndani ya glasi ya maji, na taa ya ndani nimeiwasha, masika yanakuja.

Usinipigie kuniambia chochote mpaka uwe nacho. Likikauka kabla hujarudi, nitapanda Uru nikakate jingine, na hilo likikauka nitakata jingine. Mlango utakuwa wazi. Nitasimama.

Mama yako